Nyumba ya Wakonyo na Mita Tisa

Watu wa Kiharoini husameheana karibu kila kitu. Ukimnyang'anya mtu mchumba, itachukua miaka, lakini mwishowe mtakaa benchi moja kanisani na kupokezana kitabu cha nyimbo. Ukimsogezea fensi hatua moja, hata kwenye mazishi yako atakuja akiwa amenuna. Ndiyo maana Nduta, binti wa Wakonyo, alipopewa kazi ya kuandika viwango vya barabara za nyumba mpya za mji huo, wenzake katika ofisi ya mipango kule Nyeri walimpa pole kwanza, hongera baadaye.

Kazi yenyewe waliiomba watu wa Kiharoini kwa midomo yao. Mashamba ya kahawa yalikuwa yakikatwa ploti, ploti zikaanza kuota nyumba za mawe, na kila aliyeuza aliacha njia yenye upana wa kadiri ya huruma yake. Huruma nyingi zilikuwa nyembamba. Lori la mchanga likishaingia halikuwa na pa kugeukia, hivyo lilirudi kinyumenyume hadi kwenye lami likigonga mageti ya watu. Bibi harusi mmoja alipitishiwa sofa zake juu ya ukuta wa jirani. Kisha, katikati ya mvua za masika, Murugi, mwalimu wa chekechea, alishikwa na uchungu wakati ambulansi imekwama huko chini. Wakamteremsha kwa wilbaro ya kusombea mchanga, na mtoto hakungoja wafike kwenye lami. Mama na mwana walitoka salama, na mtoto ananenepa vizuri, ila jina la utani la Wilbaro limemganda na sidhani kama litatoka. Baada ya siku hiyo wazee na akina mama waliingia ofisini pamoja, wakasema wamechoka na vichochoro.

Nduta aliandika kurasa chache, kwa lugha ambayo hata mtu aliyeshika jembe angeisoma bila kukunja uso. Kila barabara inayopita kati ya nyumba mpya iwe na upana wa mita tisa, si sita kama watu walivyozoea. Iwe na mtaro kila upande, kwa sababu udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa huondoka na barabara yake. Penye kona, ploti ikatwe pembe ili lori lipate kupinda. Na barabara isiyotokea popote iachiwe uwanja wa kugeuzia gari. Aliyaandika haya kwa furaha kubwa. Alikuwa amezaliwa hapo, na bado alikuwa na ile imani ya vijana waliosoma kwamba jambo zuri likielezwa vizuri litapigiwa makofi.

Na kweli walilipigia makofi. Walikutana katika banda la kiwanda cha kahawa, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya magunia, wakashangilia mita tisa kwa moyo mmoja mpaka mtu akauliza barabara ya kwanza itakuwa ipi.

Ya kwanza ilikuwa ile njia inayopanda kutoka kwenye lami hadi shamba lililokatwa ploti huko juu. Upande mmoja ilipakana na shamba la Mzee Kingori, upande wa pili na la Wakonyo, mamake Nduta. Kila upande ungetoa sehemu sawa. Kingori alikuwa mkulima wa kahawa mwenye sauti nzito ya kwaya, na fahari yake kuu duniani, baada ya mwanawe Dedan, ilikuwa fensi yake ya kayaba. Alikuwa ameipanda mwenyewe alipooa, ikanenepa na kujaa miiba mirefu, na alipenda kusema kwamba hata nyoka akitaka kupita huomba ruhusa. Aliposimama, banda zima likamgeukia.

"Mimi sina shida na barabara," alisema. "Niko na shida na hii tisa. Gari iko na upana gani? Mita mbili. Mbili zikipitana ni nne. Sita inatosha na inabaki. Hii ingine mnataka ya nini, ya kucheza mpira?"

Watu wakacheka, na Kingori akawangoja wamalize. Alijua kungoja.

"Lakini kama ni tisa, wacha ikuwe tisa. Pimeni. Sita inapita kando ya nyumba ya Mama Nduta. Tisa inaingia mpaka mahali analala. Sasa nataka kuona huyu mtoto yetu akibomolea mamake nyumba."

Hakuna aliyecheka tena. Nduta hakuwa akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Aliliona kwenye ramani majuma kadhaa kabla, mstari ukikata chumba cha kulala cha mamake, akakunja ramani akajiambia kwamba litajipanga lenyewe. Sasa lilikuwa limejipanga mbele ya watu wote. Akamtazama mamake, aliyeketi karibu na mlango kitambaa kikiwa kimefungwa vizuri kichwani. Wakonyo alimtazama Kingori kwa muda, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Mkutano ukaahirishwa ili wenye mashamba wazungumze kwanza.

Jioni hiyo Nduta alipita kwa mamake. Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao za saiprasi, imeezekwa mabati, na ilijengwa na marehemu babake, Gatimu, kabla Nduta hajazaliwa. Wakonyo alimmiminia chai, akakaa upande wa pili wa meza.

Nduta alikuwa ameshaipata njia ya kutokea, na alijionea aibu kwa kuipata. Angeongeza maneno machache tu kwenye viwango vyake: isipokuwa palipo na nyumba iliyokwisha kujengwa. Maneno ya kawaida, ya kisheria kabisa. Lakini aliwajua watu wake. Kabla wino haujakauka, kila mstari wa barabara Kiharoini ungeota kibanda cha kuku chenye mlango na dirisha, na mwenyewe angeapa kwamba ni nyumba ya nyanya yake. Kwa hiyo akajaribu njia nyingine.

"Mami, naweza kuandika saba."

"Saba inatosha?"

"Saba inakosa nyumba."

"Sijauliza hiyo. Nimeuliza kama inatosha."

"Haitoshi," Nduta akasema. "Mtaro hautaingia. Ni kama tu sita."

"Basi mbona unaniletea?"

Wakonyo akainuka, akaifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Lakini usifikirie nimekubali," akasema. "Hii nyumba baba yako aligonga kila msumari. Wakati alikuwa mgonjwa, alikuwa analala hapo ndani akiangalia juu, ananionyesha mahali alikosea. Ati hiyo mbao ilikuwa fupi. Ati hapo alilaza vibaya. Mimi nikiamka kila asubuhi naangalia hayo makosa yake. Hata kama niko na picha zake kwa albamu, hiyo ndiyo yenye naangalia."

Nduta alilia hapo hapo mezani, na hakujificha. Alimkasirikia Kingori, akaikasirikia mita tisa, akajikasirikia zaidi yeye mwenyewe kwa kukunja ile ramani. Mamake hakumbembeleza. Alimwongezea chai, akamwambia apande gari mapema kabla ukungu haujashuka.

Wakonyo hakuwa mtu wa kukaa na jambo likimchacha. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimfuata Mbogo, fundi wa mbao aliyetoka upande wa Embu akaoa Kiharoini na kubaki. Alimuuliza swali moja tu, kama nyumba yake inaweza kubebwa.

Mbogo hakushangaa. Katika miteremko hii nyumba za mbao hubebwa. Ndugu wakigawana shamba la baba yao, na mpaka uangukie upande usiofaa wa nyumba ya mmoja wao, majirani huja asubuhi, hukata nguzo karibu na ardhi, hufunga miti mirefu chini ya kuta, kisha huinua nyumba nzima na mabati yake na kuondoka nayo. Kazi hiyo ni ngwatio, ya kusaidiana, haina malipo ila chakula kingi na maneno mengi. Na ina sharti ambalo halijaandikwa popote. Siku ya kubeba nyumba hata mliyekosana huja, maana asiyekuja hukumbukwa mpaka watoto wake waoe.

"Nitatoka kwa barabara," Wakonyo alimwambia binti yake kwa simu. "Lakini nyumba siachi. Njoo na hiyo tepu yako."

Pahali pa kuipeleka palikuwa juu, kwenye kona ya shamba lake iliyokuwa tambarare. Huko nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko mkali, na kahawa ilikuwa imebeba matunda, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa ile ile ya ugomvi. Upande mmoja ilikuwa na fensi ya Kingori, upande wa pili ukingo mrefu wa udongo uliochimbwa na miaka ya mvua na miguu ya watu. Nduta na Mbogo wakapima kwa makini. Nyumba ilikuwa na upana wa mita nne; njia, hata pale ilipobana zaidi, ilikuwa sita. Wakarudia kupima, kwa sababu Nduta hakutaka kosa jingine maishani mwake.

"Inapita na inabaki," Mbogo akasema, akaviringisha tepu.

Jumamosi wanaume walijaa. Kingori alikuja wa kwanza kati ya wazee, amevaa buti na koti kuukuu, akamsalimia Wakonyo kwa heshima zote.

"Mama Nduta, niko hapa."

"Asante, Baba Dedan. Shika upande wenye utaweza."

Akashika upande wa fensi yake mwenyewe, nadhani ili ailinde. Vyombo vilikuwa vimeshatolewa, lakini kalenda ya mwaka jana ilibaki ukutani, na mapazia pia. Mbogo akahesabu kwa sauti, na nyumba ikaachana na ardhi. Ilitoa mlio mrefu wa mbao, Wakonyo akashika kifua, kisha ikatulia juu ya mikono na mabega ya watu, ikaanza kutembea. Nduta alikuwa ameona ramani nyingi na magreda mengi, lakini hilo lilimfanya asimame kinywa wazi. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ikienda zake taratibu, pazia likipepea dirishani.

Ikaingia njiani. Hatua za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu njia ikaanza kubana, na sauti zikabadilika. Wale wa upande wa ukingo walikuwa wakisugua mabega yao kwenye udongo. Wale wa upande wa pili walikuwa wakiingizwa ndani ya kayaba, mmoja baada ya mwingine, na ncha za ile miti ya kubebea zilikuwa zikichomeka kwenye fensi kabla ya watu wenyewe. Nyumba ikasimama. Isingeweza kwenda mbele, na isingeweza kuwekwa chini, kwa sababu hapo palikuwa na mteremko na ingebingirika na kuwaangukia waliokuwa nyuma.

Nduta aliwaona, akaelewa, akataka ardhi immeze. Yeye na Mbogo walikuwa wamepima nyumba mara mbili. Walikuwa wamesahau watu wanaoibeba.

Na wa kwanza kati ya waliosahauliwa alikuwa Kingori. Alibanwa kati ya ukuta wa nyumba na fensi yake, mikono yote miwili juu ya mti, mgongo wote ndani ya miiba. Hakuweza kusogea mbele wala nyuma, na mzigo ulikuwa ukizidi kumkandamiza. Kila mmoja aliiona dawa na hakuna aliyethubutu kuitaja, maana ile fensi ilikuwa kama mke wa pili wa mzee.

"Kata," Kingori akasema.

"Kata nini, Mzee?" Mbogo akauliza kutoka mbele.

"Fensi. Kata fensi. Ama mnataka kunizika hapa nikiwa nimesimama?"

Akina mama waliokuwa wakimenya viazi wakaleta mbio mapanga ya kupasulia kuni. Nduta mwenyewe alishika moja. Wakakata kayaba nyuma ya mgongo wa Kingori, nyumba ikasonga kidogo, ikabana tena, na Kingori akaagiza tena wakate. Safari ya tatu hakungoja kuulizwa. Alikuwa akiwaonyesha kwa kidevu, hapa, na hapa, hapo ndani zaidi, huyo kijana atapita wapi. Walipofika juu na kuitua nyumba kwenye nguzo zake mpya, fensi ilikuwa imekatwa njia nzima, na watu walikuwa wakicheka kwa uchovu, mashati yamechanika.

Wakala githeri ya mahindi na maharagwe, na viazi, wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Kingori alikaa amevua shati, Mbogo akimng'oa miiba mgongoni mmoja mmoja. Wakonyo akamletea chai kwenye kikombe kizuri cha wageni.

"Kumbe hata yeye hakufanya hesabu vizuri," Kingori akasema, akimnyooshea Nduta kidole, lakini sauti haikuwa na ukali. "Injinia mzima."

"Nilipima nyumba, Mzee," Nduta akakiri. "Nikapima na njia."

"Na mimi kwa mkutano nilipima gari." Akanywa chai, akafikiri. "Watu hatukupima."

Kabla ya kwenda nyumbani alitembea peke yake kando ya kayaba iliyolala chini, akiigusa kwa ncha ya buti, na ukimtazama ungemhurumia. Miaka yake yote ya ndoa ilikuwa imelala pale njiani. Nduta alijiambia kwamba hiyo si kura. Mtu aliyepoteza fensi kwa ajili ya jirani anaweza bado kusimama kesho na kudai sita yake yote.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza, kwa sababu habari ya miiba ilikuwa imefika hadi mji wa Gakindu. Kingori akasimama, na wote waliotaka kicheko wakajiweka sawa.

"Nilisema gari ni mita mbili," alianza. "Sijakataa, ni mbili. Lakini gari mbili zikipitana, mtoto wa shule anasimama wapi? Mama mwenye amebeba makuni anasimama wapi? Nitawaambia. Anasimama ndani ya kayaba yangu. Nimekaa huko ndani, na sio pahali pa mtu." Akawangoja wamalize kucheka, kama kawaida yake. "Kwa hivyo mimi natoa yangu. Tisa. Lakini mnipatie mpaka nivune, na nipande fensi ingine. Na hii ingine sitaki iwe na miiba."

Mikono ikainuka benchi baada ya benchi. Wachache hawakuinua, na mmoja alitoka nje akilalamika kuhusu ploti yake ya kona, naye Nduta alijua atarudi kulalamika tena. Hilo lilikuwa la kawaida. Viwango vya barabara vya Kiharoini vikapita, mtaro, pembe na uwanja wa kugeuzia, kama alivyoviandika, bila "isipokuwa" hata moja.

Waliporudi kupigilia vigingi vya barabara, Nduta alianzia chini kwenye lami na kamba yake, Kingori akitembea upande wake akihakikisha haibiwi hata upana wa kidole. Kazi ilikwenda vizuri hadi walipofika pale nyumba ilipokuwa. Nyasi zilikuwa hazijaota. Palikuwa na mstatili wa udongo mkavu, laini, uliofagiliwa miaka mingi, na bado ungeweza kuona jikoni palikuwa wapi kwa weusi wa ardhi. Kigingi kilichofuata kiliangukia ndani, mahali pa kitanda. Nduta akakishika, akakiweka, akakiondoa. Akasema kamba imelegea. Akaivuta upya, na haikuwa imelegea.

Wakonyo alikuwa ameteremka kutoka kwenye nyumba yake, aproni ikiwa bado kiunoni. Aliingia kwenye ule mstatili kupitia mahali mlango ulipokuwa, ingawa angeweza kupita popote. Akanyoosha mkono kuomba nyundo.

"Mami, wacha tu nifanye mimi."

"Wewe huwezi. Nimekuona."

Akapiga magoti palipokuwa kitanda chake cha ndoa, akakisimamisha kigingi, akaanza kugonga. Hakugonga kwa hasira wala kwa haraka. Alipomaliza alikisukuma kwa kiganja kuona kama kimeshika, na kikawa kimeshika. Machozi yalikuwa yakimtoka Nduta na kudondokea kamba.

"Shika hiyo kamba inyooke," mamake akamwambia, akiinuka na kupangusa magoti. "Baba Dedan anaangalia."